Siku Niliyomwaga Tangi la Kina Mama kwa Kusafisha Programu

Nimemfokea Hamisi asubuhi hii mbele yenu wote, na najua mmeshangaa, maana Hamisi ni mwalimu mwenzangu, mtu wa adabu, mzaliwa wa hapa hapa Kitui mjini, na alichoniambia hakikuwa tusi. Aliniambia tu, "Mwalimu Mutinda, hii programu yangu ya kupunguza na kuongeza mbio za prosesa inafanya kazi vizuri, lakini mizunguko yake imekaa ovyo ovyo, hebu tukae tuisafishe." Kusikia tu neno hilo kusafisha damu ikanipanda mpaka masikioni, nikapiga meza, chai ikamwagika, na sasa mmekaa hapo na vikombe vyenu mnanitazama mkidhani nimerogwa. Basi wacha niwaambie, afadhali mnicheke mkijua mnachocheka. Mimi ndiye yule mtu aliyemwaga tangi zima la maji la kina mama kule kwetu, wakati wa kiangazi, mchana kweupe, mbele ya mgeni wa heshima, na sababu yake ilikuwa kusafisha programu ambayo haikuwa imeharibika.

Kwetu ni ukishuka kutoka Mbooni kuelekea mji wa Wote, pale chini ambapo baridi ya mlimani inaishia na jua linaanza kazi yake. Juu huko wana matunda na mahindi na maneno mengi, sisi huku chini tuna mchanga. Maji ni ya kwenda kuchimba mtoni, na mto wenyewe hauna maji ya kuonekana, ni mchanga mtupu, unachimba shimo mpaka kiunoni ndipo unapata kitu cha kuchota. Mama yangu (mwaitu, ndivyo tunavyomwita mama kwetu) alichimba mashimo hayo tangu akiwa msichana, na miaka ile ya tisini, mimi nikiwa nasomea mambo ya kompyuta Nairobi, yeye na kikundi chao cha mwethya, yaani kina mama wanaosaidiana kazi kwa zamu, waliamua wamechoka. Wakachimba mtaro kutoka chemchemi ya mlimani mpaka sokoni kwetu, kwa majembe na kwa nyimbo, wakabeba mawe kwa migongo, wakajenga tangi. Kanisa likatoa mabomba na simiti, wanaume wakatoa ushauri.

Hasa mwanamume mmoja, Mzee Kilonzo, mwenyekiti wa soko, mwenye duka kubwa na ng'ombe wengi na tumbo la kutangulia. Huyu hakubeba hata jiwe moja, lakini tangi lilipokwisha akaanza kusema kwamba mali ya namna hiyo haiwezi kukaa mikononi mwa wanawake, watagombana, watapendeleana, ufunguo uje kwake autunze. Mama yangu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi, akamwambia, "Mzee, ufunguo uko na wenye migongo." Na ufunguo wenyewe aliufunga kwenye pindo la leso yake, akatembea nao kanisani, shambani na sokoni. Ulikuwa ufunguo wa kufuli la mfuniko wa chuma, na chini ya ule mfuniko kulikuwa na koki kubwa ya mkono ambayo ukiifunga, maji yote ya tangi yanasimama. Huo ufunguo ukumbukeni.

Ili kumziba Kilonzo mdomo asiseme wanapendeleana, kikundi kilikubali mtambo. Kulikuwa na kijana mgeni, fundi wa kujitolea, alikuja na kanisa akakaa karibu mwaka mmoja, akachukua kompyuta kuukuu iliyokuwa imetupwa, akaiweka kwenye kibanda kando ya tangi, akaiunganisha na koki inayozungushwa na mota. Nje ya kibanda kulikuwa na kitufe chekundu. Mama anaweka mtungi wake, anabonyeza, koki inafunguka, mtungi mmoja unajaa mpaka shingoni, koki inajifunga. Hakuna wa kuongezewa, hakuna wa kupunjwa, awe mke wa mwenyekiti, awe mjane. Kina mama walikipenda kile kitu kuliko redio. Kisha fundi akarudi kwao Ulaya, na mimi nikaja nyumbani na diploma yangu.

Sasa sikukuu ya kufungua tangi rasmi ilipangwa Jumamosi, na mkubwa mmoja kutoka Wote (simtaji, bado ana watu) alikuwa aje kuwa mgeni wa heshima. Ilijulikana na kila mtu kwamba siku hiyo ndiyo mkubwa angetamka tangi litasimamiwa na nani, kina mama au Kilonzo. Mama akawaambia wenzake wasiwe na wasiwasi juu ya mtambo, mwanawe amesomea hayo mambo, ataukagua. Alilisema kwenye mkutano, alilisema kanisani, naona alilisema hata kwa punda. Ijumaa akanituma kibandani, na nakumbuka maneno yake kama alivyoyasema: "Enda tu upanguse vumbi, uone kama inawaka."

Nikapangusa vumbi. Nikawasha, ikawaka. Nikabonyeza kitufe, mtungi ukajaa, koki ikafunga. Mtu mwenye akili angeenda nyumbani kula muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe. Mimi nikaifungua ile programu nisome, na hapo ndipo shetani aliponivutia kiti.

Jamani, ile programu ilikuwa na sura mbaya! Wacha niieleze vizuri kwa sababu wengine hapa mnafundisha ushonaji. Ile kompyuta haikuwa na saa ya kuaminika, kwa hiyo fundi alipima muda kwa kuhesabisha. Anafungua koki, anaiambia mashine hesabu kuanzia moja mpaka namba fulani kubwa, bila kufanya kitu kingine, ikimaliza, funga koki. Huo ndio mzunguko. Lakini kompyuta za zamani zile zilikuwa na kitufe mbele, ukikibonyeza ndani prosesa inakimbia, ukikitoa nje prosesa inatembea, na prosesa ikitembea hata kuhesabu kwake kunachelewa. Basi yule fundi akaandika mizunguko miwili, mmoja wa namba kubwa kwa prosesa inayokimbia, mwingine wa namba ndogo kwa prosesa inayotembea, na kabla ya hiyo kukawa na kipande kirefu cha kupima kwanza leo prosesa iko mbio gani. Tena katikati ya kila mzunguko aliweka amri ya kuchungulia kibodi kila mara, kama kuna mtu amebonyeza herufi ya kusimamisha. Yaani mashine inahesabu, inachungulia, inahesabu, inachungulia, mambo ya kizee kabisa.

Mimi nilikuwa nimetoka chuoni juzi, nimefundishwa kwamba programu nzuri ni fupi, ukiona mizunguko miwili inayofanana unaifanya mmoja. Nikakasirika na yule fundi wa watu! Nikasema huyu mzungu alidhani huku hakuna wa kumsoma. Nikafuta. Nikafuta kipande cha kupima mbio (nani atagusa hicho kitufe?), nikafuta mzunguko wa namba ndogo, nikafuta ule uchunguliaji wa kibodi (nani atataka kusimamisha maji Ukambani?), nikabaki na mzunguko mmoja, mweupe, msafi, mistari ya kuhesabika kwa vidole. Nilikaa nikautazama jinsi mtu anavyotazama mtoto wake wa kwanza.

Mama akapita kuniletea chai kwenye chupa, akanikuta nimeinamia kioo.

"Ilikuwa imeharibika?"

"Hapana, mwaitu. Ilikuwa inafanya kazi, lakini imeandikwa vibaya."

"Kama inafanya kazi, unashikashika nini?"

"Mwaitu, hii ni mambo ya kisomo."

Akaweka chupa chini akaenda zake, na mimi nikaijaribu programu yangu mpya, mtungi ukajaa mpaka shingoni, koki ikafunga tak. Nikajiona mimi ndiye mimi. Sikujaribu na kile kitufe cha mbele kikiwa nje, kwa sababu mwenye akili kama zangu hahitaji kujaribu.

Jumamosi watu walijaa mpaka wengine wakakaa juu ya ukuta wa posho mill, kinu cha kusagia unga. Kiangazi kilikuwa kimekaza, chemchemi ilikuwa inatoa maji membamba, tangi lilikuwa limekusanya kwa majuma mengi likisubiri siku hiyo, na kina mama walikuwa wamejinyima, wanaendelea kuchimba mtoni, ili tangi lifunguliwe likiwa limejaa. Hilo mlielewe, hayakuwa maji ya mchezo. Mitungi ilipangwa foleni tangu kibandani mpaka kwenye duka la Kilonzo, ya manjano, ya bluu, punda wamefungwa kando. Nyuma kulikuwa na mawe matatu na sufuria kubwa ya muthokoi na nyingine ya nyama ya mbuzi.

Gari la mkubwa likafika. Kina mama wakapiga vigelegele, wakaanza kuimba, na kama ilivyo desturi yao wakizidiwa na furaha, wakafungua leso viunoni wakazitandika chini kwenye vumbi, moja baada ya nyingine, kutoka mlango wa gari mpaka kibandani, mgeni apite juu yake. Leso zilipokaribia kwisha kabla ya kibanda kufikiwa, mama yangu, mwenyekiti, angefanya nini? Akafungua yake. Akaitandika ya mwisho kabisa, miguuni pa mkubwa, mlangoni. Mimi nilimwona. Nilimwona kwa macho yangu nikapiga makofi!

Mkubwa akabonyeza kitufe chekundu, mtungi wa kwanza ukajaa mpaka shingoni, koki ikafunga. Vigelegele. Wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu, hivyo hivyo. Mama Ndunge, ambaye ndiye mwenye ulimi kuliko wote kikundini, akamwambia Kilonzo kwa sauti, "Mzee, umeona? Hata wewe ukija tutakujazia sawa na mjane." Watu wakacheka, Kilonzo akatazama viatu vyake. Mkubwa akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema kwenye kipaza sauti kwamba anaona hakuna sababu ya kuwanyang'anya kina mama kazi ya mikono yao, na kwamba atatamka rasmi baada ya chakula.

Baada ya chakula. Mnasikia? Si angetamka pale pale? Mpaka leo nikimfikiria yule mtu na chakula chake nataka kuuma kitu. Badala ya kutamka na kwenda kula, akaingia kibandani kusalimiana nami, akainama akatazama kompyuta, wakati huo huo nje mama mmoja alikuwa ameweka mtungi na kubonyeza kitufe chekundu, maji yanaingia. Mkubwa akanyoosha kidole.

"Na hii button hapa mbele ni ya nini, kijana?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema ni ya urembo. Lakini Mzee Kilonzo alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza, na mimi nikataka asikie vizuri, nikasema, "Mheshimiwa, hiyo ni ya kuongoza mbio za prosesa. Ukikibonyeza kikatoka nje, akili ya mashine inapunguza mwendo." Nikakibonyeza, ili aone. Taa ndogo ikazima. "Unaona? Sasa inatembea."

Ilikuwa inatembea kweli. Nje mtungi ukajaa mpaka shingoni, ukajaa mpaka mdomoni, ukaanza kumwagika, na ndani prosesa yangu ilikuwa inahesabu ile namba kubwa, ile niliyoiacha peke yake, polepole, namba kwa namba. Mama wa mtungi akapiga kelele, "Aiya! Haifungi!" Nikakibonyeza kile kitufe mara ya pili kuirudisha mbio, kikabonyea kikarudi nje, taa haikuwaka (uzee wa mashine). Nikabonyeza herufi ya kusimamisha. Kimya. Nikabonyeza zote, nikapiga kibodi kwa ngumi, kimya, kwa sababu nani alikuwa ameondoa uchunguliaji wa kibodi? Mimi. Mashine ilikuwa inahesabu na haimsikilizi mtu.

Na sasa nawaambia kitu ambacho kinaniuma kuliko vyote. Ningengoja. Ningekunja mikono tu, ningesema "Samahani, mheshimiwa," ile mashine ingemaliza kuhesabu, ingefunga koki yenyewe, tungepoteza mitungi miwili mitatu ya maji na tungecheka. Lakini Kilonzo akasema pale mlangoni, kwa sauti ya chini ya kunisimanga, "Kisomo, eh?" Na mimi hasira ikanishika, nikaruka, nikang'oa waya wa umeme ukutani.

Koki ile ilikuwa ya mota. Ukiikatia umeme haijifungi, inabaki pale ilipo, na pale ilipokuwa ni wazi kabisa.

Hapo maji yalitoka kwa raha zake. Mtungi ukapinduka, maji yakageukia kibandani, yakaingia mlangoni, yakafika kwenye waya nilioung'oa. Nilipoushika niurudishe, mtu akapiga yowe kwamba umeme ukikutana na maji utatuua wote, na alisema kweli, mkubwa wa kutoka Wote akatoka mbio akiwa wa kwanza, Kilonzo wa pili, mimi nikabaki nimesimama na waya mkononi, maji mpaka vifundoni. Nikapiga kelele, "Ufunguo! Mwaitu, fungua mfuniko! Funga ya mkono!"

Mama akashika kiuno. Akashika tena. Nikaona uso wake unabadilika.

Ufunguo ulikuwa kwenye pindo la leso, na leso ilikuwa chini, na chini hapakuwa pa kuonekana tena. Maji yalikuwa yamefagia leso zote za kina mama yakaziviringisha pamoja kwenye matope, nyekundu, kijani, za maua, zote rangi moja sasa, na watu wamezikanyaga wakikimbilia maji na chochote walichokuwa nacho, karai, sufuria, kofia. Mtu mmoja alivua gumboot akakinga nayo. Punda walikata kamba wakaja kunywa katikati ya watu. Maji yakateremka mpaka kwenye mawe matatu, moto ukazima chini ya muthokoi, na viti vya wageni vikazama miguu. Kina mama wakapiga magoti kwenye matope wakipapasa leso moja moja, mama yangu katikati yao na gauni lake jipya la kitenge, na kila aliyeinua leso alikung'uta akaiangalia pindoni akaitupa. Na Kilonzo alikuwa amepanda juu ya kiti cha mgeni akipaza sauti, "Niliwaambia! Si niliwaambia?" Nilitaka kwenda kumshusha. Naapa nilikwenda hatua mbili tatu, nikateleza, nikaanguka chali mbele ya mkutano mzima na waya wangu mkononi, na hapo ndipo walipocheka. Kiangazi chote kile, maji yao yanaondoka, na bado walipata nguvu ya kunicheka mimi.

Mama Ndunge ndiye aliyeukanyaga ufunguo kwa mguu mtupu. Walipofungua mfuniko na kufunga koki ya mkono, tangi lilikuwa linakoroma, limebaki tope la chini. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yalimwagika yote.

Mkubwa hakungoja chakula, hata hivyo kilikuwa hakijaiva. Aliondoka na viatu vimejaa maji, akasema kwenye dirisha la gari tu kwamba jambo la tangi lisimamiwe na mwenyekiti wa soko kwa sasa, mpaka kina mama wajipange. Kwa sasa! Mnajua "kwa sasa" ya serikali inavyokaa.

Jumatatu kikundi kikakutana pale pale kibandani. Mimi nilikwenda kwa sababu nilitaka kujitetea, nilikuwa na hotuba nzima kichwani, namna yule mzungu alivyoandika vibaya, namna mkubwa alivyouliza maswali ya kijinga, namna mota haikufaa. Sikupewa nafasi. Mama alisimama, akafungua pindo la leso (bado ilikuwa na doa la matope), akatoa ufunguo, akamwekea Kilonzo mkononi bila kumtazama usoni. Hakutaja jina langu. Hakusema mwanangu amekosa, hakusema mwanangu hakukosa. Mama Ndunge alikuwa analia kwa hasira, na yule mwanamke sikuwahi kumwona akilia, hata alipozika mume. Kilonzo akasema, "Tutawatunzia vizuri," na kuanzia chemchemi iliporudisha maji, ng'ombe wake ndio wakawa wa kwanza kunywa, na kina mama waliobeba mawe wakawa wanangoja afungue duka ndipo afungue tangi. Mchuma janga hula na wa kwao, walisema wahenga. Hawakusema kwamba wa kwao ndio hula zaidi.

Kikundi kilinihukumu kwa desturi yao, kwamba aliyeharibu kazi ya mikono hulipa kwa mikono. Nikapewa punda na koleo na mitungi, nichotee nyumba za wanakikundi maji ya mtoni mpaka mvua inyeshe. Diploma yangu nikaitundika ukutani. Siku ya kwanza mama alinisindikiza. Nikachimba mchanga kwa hasira, nachimba na kumtukana Kilonzo moyoni kila koleo, mpaka shimo likafika kiunoni na unyevu ukaonekana. Nikatumbukiza kata nikachota. Matope. Nikamwaga, nikachota tena. Matope. Nikachota mara ya tatu nikitukana sasa kwa sauti.

"Toa mkono," mama akasema.

"Maji hayapo hapa, mwaitu. Tuchimbe pengine."

"Yapo. Unayavuruga. Toa mkono ukae."

"Nikae nifanye nini?"

"Usifanye kitu."

Nikakaa ukingoni mwa shimo, jua linanichoma kisogo, punda ananitazama, na ndani ya shimo hakuna kilichoonekana kikitokea. Kisha maji yakaanza kujikusanya, kidogo, chini kabisa, meupe. Na mimi nikakumbuka ule mzunguko wa yule fundi, ule uliohesabu bila kufanya kitu, ambao niliuona wa kizee nikaucheka. Nilikasirika kiasi kwamba nilitaka kulia. Mama hakujua ninawaza nini. Alichukua kata, akachota polepole juu juu bila kugusa chini, akajaza mtungi wa Mama Ndunge kwanza, halafu wa mjane, halafu wa nyumba nyingine zote, na wetu ukawa wa mwisho.

Yule Kilonzo bado anao ufunguo. Nikienda nyumbani Krismasi nampitia dukani, ananiuliza, "Mwalimu, kisomo kinaendelea?" Na mama ananishika mkono tunapita.

Kwa hiyo Hamisi, ndugu yangu, nisamehe kwa kupiga meza, chai yako nitalipa. Lakini hiyo programu yako siigusi, na wewe usiiguse. Uliniambia inafanya kazi, sivyo? Basi iache na sura yake mbaya. Siku ikiharibika kweli, niite, tutakaa chini tuisome mstari kwa mstari, hata ile mistari inayoonekana haina kazi, hiyo hasa ndiyo tutaanza nayo.